Nyimbo Zenye Nyumba

Swali lililoninyima usingizi mwezi ule lilikuwa dogo, na niliona haya kumwuliza mtu: mwanamke akiimba kwenye harusi ya dada yake, ndani, wanaume wakiwa wameachwa nje, je, amekubali kusikika mpaka Marseille, Ufaransa? Nililigeuza kila upande. Nikijiambia kwamba alikubali, maana kinasa sauti kilikuwa mbele yake na alikiona, nafsi inanijibu kwamba alimwona mwenye kinasa sauti, hakuiona Marseille. Nikijiambia kwamba hakukubali, nafsi inauliza: basi kwa nini aliimba kwa nguvu namna ile?

Mimi ni mtu wa kufikiri mno. Mama yangu husema nikitumwa chumvi dukani nitarudi na maswali kuhusu bahari. Lakini safari hii nilikuwa na sababu. Kompyuta ya ofisi yetu Moroni, mji mkuu wa Komoro, ilikuwa imejaa nyimbo za harusi za Mutsamudu, zimetolewa kwenye kanda kuukuu, zimesafishwa, zimepangwa, na kilichobaki ni kuufungua ukurasa ili mtu yeyote duniani azisikilize. Wageni wa shirika lililotoa fedha walikuwa njiani kuja kuuzindua. Kazi ya kuufungua ilikuwa yangu. Na mtu aliyetuletea kanda hizo, ambaye peke yake angeweza kunijibu, alikuwa Nzuwani, kisiwa chenye mji huo wa Mutsamudu, kilichokuwa kimekataa kutii Moroni kwa mara ya pili, na serikali ilikuwa imezuia meli na ndege zisiende huko.

Nitamwita Mwenye Kanda, maana ndivyo tulivyomwita ofisini. Mbele yake nilimwita Koko, kama vijana wa visiwani tunavyomwita kila mwanamke wa umri wa bibi zetu.

Alikuwa mfupi, mpana wa mabega, na alitembea akitanguliza bega la kulia, kwa sababu kwa miaka mingi bega hilo ndilo lililobeba kinasa sauti. Alijitanda shiromani nyekundu na nyeupe ya kwao Nzuwani hata pale Moroni, na mtu akimtazama mara mbili alimwuliza kama anataka kuinunua. Yeye na binti yake walikuwa na meza ya vitambaa sokoni Volo Volo. Binti aliuza, mama aligombana na wateja. Sijui kwa nini walirudi, lakini walirudi.

Mimi ni Mngazija, wa kisiwa chenye Moroni, yeye Mnzuwani, na lugha za visiwa vyetu ni ndugu wasioelewana kila mara. Mimi nilisoma Dar es Salaam; yeye alikipata Kiswahili Zanzibar, alikokuwa akifuata vitambaa. Tukikwama kwenye neno tulikutana kwenye Kiswahili, chake cha sokoni na changu cha darasani.

"Unaongea kama barua," aliniambia siku ya kwanza.

"Ndivyo nilivyofundishwa, Koko."

"Basi ongea kama barua, lakini iwe fupi."

Siku hiyo alikuwa amekuja na kanda ndani ya beseni la kufulia, zimefunikwa kitambaa, na alikuwa amemkataza mlinzi asimsaidie kupanda ngazi. Ofisi yetu ilikuwa vyumba viwili juu ya duka la vyombo. Mradi mdogo wa kukusanya picha, barua na sauti za zamani na kuziweka kwenye mtandao. Alilitua beseni juu ya meza ya mkuu wangu, juu ya karatasi zake, akaketi.

"Zinaota ukungu," alisema, akimnyooshea kidole binti yake aliyekuja naye. "Nikifa, huyu atazitupa. Ana mkono mwepesi wa kutupa."

"Mama!" binti yake akaruka.

"Ulitupa meno yangu."

"Yalikuwa kwenye glasi chafu, nilijuaje?"

"Meno hayajulikani?" Akamgeukia mkuu wangu. "Nataka mziponye."

Mkuu wangu ni mtu mwema, na ninamwandika hapa kwa upendo. Alikuwa mpenzi wa vitu vya kale kiasi kwamba machozi yalimlengalenga akiona mlango wenye nakshi. Alisimama, akaweka mkono kifuani, akasema, "Mama, tutaziweka mahali salama, dunia nzima ipate kuzisikia."

"Salama na dunia nzima ni mahali pawili, mwanangu."

Akacheka. Alidhani ni mzaha. Mimi nami nilidhani ni mzaha, ila nikaukumbuka, kwa kuwa mimi hukumbuka mizaha kwa hofu kwamba labda si mizaha.

Kanda zake hazikuwa na jina hata moja. Kila kanda ilifungwa ukanda mwembamba wa kitambaa. Kwao, kama kwetu, wanawake wa harusi hushona sare, na yeye baada ya kila harusi aliomba kipande kutoka kwa fundi wa kushona, akakifunga kwenye kanda ya siku hiyo. Mtu asiyehudhuria aliona vitambaa tu. Mtu aliyehudhuria aliona kitambaa na papo hapo akajua nyumba, bibi harusi, nani aligombana na nani, na kama pilau iliungua. Niliketi naye kwa majuma akinisomea vitambaa hivyo. Aligusa kimoja cha kijani chenye majani ya dhahabu na uso ukamkunjuka.

"Huyu mama yake alikopa viti kwa majirani akasahau kukopa kivuli. Tuliimba juani mpaka wanja ukatiririka."

"Na mwenye wimbo ni nani, Koko?"

"Nyumba."

"Nyumba ya nani?"

"Nyumba," akarudia, kama mtu anayezungumza na kiziwi.

Ilinichukua muda kuelewa. Visiwani kwetu nyumba ni ya mwanamke. Mume huhamia kwa mke, na nyumba hurithiwa na mabinti. Kwa maelezo yake, wimbo unaotungiwa bibi harusi huingia ndani ya nyumba ile pamoja na kitanda na kabati, na hauwi wa mtu mwingine kwa sababu tu anaujua. Mji mzima unaweza kuujua. Watoto wanaweza kuuimba wakichota maji. Lakini kuubeba hadi harusi nyingine, hapo lazima uuombe.

Na kuomba kulikuwa na taratibu. Huulizi mlangoni. Unaingia, unakaa, unakula ulichopewa, mnazungumza habari za wagonjwa na za waliokwenda Ufaransa. Kisha unaanza kuuimba polepole, mstari wa kwanza tu, unanyamaza. Mwenye nyumba akiudaka na kuendelea, umepewa. Asipoudaka, atainuka kwa upole, atafunika sahani ya mkate wa sinia kwa kitambaa safi, atakuwekea mikononi, na kukushukuru kwa kuja.

"Hapo nimenyimwa?"

"Umenyimwa, na tumbo limejaa. Hakuna aliyeaibika."

"Na sahani?"

"Unairudisha tupu. Ukiirudisha na kitu ndani, unaomba upya."

Alinieleza hayo katika siku zake za mwisho Moroni, kabla hajasafiri, na papo hapo nikaikumbuka sahani moja. Nitasema sababu.

Miezi kadhaa nyuma, mkuu wangu alikuwa amekwenda Ntsoudjini, kijiji cha karibu ambako Koko aliishi kwa binti yake, kumwomba ruhusa rasmi ya kuziweka nyimbo kwenye mtandao. Alirudi amebeba sahani imefunikwa kitambaa, anang'aa kama mtoto wa Idi. "Kakubali!" alitangaza toka kwenye ngazi. "Kanilisha, kanishukuru, na kanifungia na mkate!" Aliiweka sahani juu ya mashine ya kunakili, tukala sote. Nilikula vipande viwili. Kwetu Moroni mgeni akifungiwa chakula ameheshimiwa, na ombi lake limekaa vizuri. Siku hiyo hiyo kwenye taarifa za mradi, mahali pa mwenye haki, iliandikwa kwamba waimbaji hawajulikani, na kwamba aliyerekodi ameridhia kwa mdomo. Na kwa kuwa mkuu wangu amelelewa vizuri, alimrudishia Koko sahani yake imejaa sukari.

Kwa hiyo, kama nilielewa sawasawa, alikuwa amekataliwa, akashangilia, kisha akaomba tena bila kujua. Na ombi hilo la pili halikuwa limejibiwa. Au sikuelewa sawasawa. Koko alikuwa ameishi Moroni muda mrefu. Labda sahani ile ilikuwa ya Kimoroni. Labda mkate ni mkate. Siku ile aliponieleza nilitaka kumwuliza, nikafungua kinywa, binti yake akaingia na habari za tiketi ya boti, nikajiambia nitauliza akirudi.

Msidhani alikuwa mtakatifu wa nyimbo. Chini ya meza ya vitambaa pale Volo Volo palikuwa na sanduku la kanda za waimbaji wa Misri, alizozinakili mwenyewe nyumbani kwa mashine mbili na waya mmoja, na aliziuza kwa yeyote bila haya. Nilipoligundua sanduku nilifurahi kama mwendesha mashtaka.

"Koko! Hawa uliwaomba?"

"Wana nyumba Misri. Mimi sijui njia."

"Kwa hiyo ungejua njia ungewaomba?"

"Siku nitakayofika, nitakula kwao kwanza," alisema, akamkabidhi mteja kanda na chenji.

Nilimwambia kwamba kwa sheria hilo ni kosa, kwamba kuna haki ya aliyetunga, haki ya aliyeimba na haki ya aliyerekodi, na kila moja ina muda wake. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo watu wachache hunifanyia. Kisha akauliza, "Na haki ya aliyesikika bila kujua?" Nikasema hiyo imeandikwa mahali pengine. "Mahali gani?" Nikasema nitaangalia. Niliangalia. Sikupaona vizuri.

Alikuwa mcha Mungu. Aliswali kwa wakati, na akisikia adhana alizima mashine hata bibi harusi awe anaingia. Lakini enzi ambazo kanda tupu zilikuwa adimu alirekodi juu ya chochote alichokipata, na mojawapo ya kanda zake ilikuwa ya mawaidha. Nilikuwa naisafisha kompyutani, wanawake wanapiga vigelegele juu ya udhaifu wa wanaume kitandani, mara wimbo ukakatika na sauti ya shehe ikaendelea kutoka chini, nzito, inausia juu ya subira. Nilimsikilizisha. Alicheka akashika ukuta. Kisha akafunika uso kwa shiromani, akaomba msamaha kwa Mungu, na akaniomba niicheze tena.

Kinasa sauti chake cha kwanza alikitoa Majunga. Hakupenda kuyazungumza ya Majunga, kama wengi waliorudishwa kutoka Madagaska mwaka sabini na saba, baada ya Wakomoro wa huko kuuawa na nyumba zao kuchomwa. Wengine walibeba sufuria, wengine walibeba mtoto wa jirani. Yeye alibeba kinasa sauti, kimefungwa kwenye nguo ya kubebea mtoto, na askari pale uwanja wa ndege alimpisha kwenye foleni akidhani ni kichanga. "Nilikipigapiga mgongo," aliniambia, "na nikakiimbia kilale."

Mutsamudu haikumpokea kwa shangwe. Ndugu walikuwepo, lakini waliorudi waliitwa watu wa Majunga, na mtu wa Majunga hakuwa na chumba, hakuwa na shamba la mikarafuu, na lafudhi yake ilichekwa. Kilichomfungulia milango ni ile mashine. Mwanamume wa kurekodi asingeweza kuingia wanakocheza wanawake, yeye angeweza. Harusi moja ikawa mbili, na baada ya miaka hakuna bibi harusi aliyeridhika kama Mwenye Kanda hajaketi pembeni mwa mkeka, miguu imenyooshwa, kidole kwenye kitufe. Aliimba pamoja nao. Sauti yake imo katika kila kanda, karibu kuliko zote, ya kukwaruza kidogo, imechelewa nusu pigo.

Siku moja nilimwuliza, "Na wimbo wako wewe, Koko? Wa harusi yako?"

"Nyumba yangu iliungua."

Aliokota kanda nyingine, akaangalia kitambaa chake karibu na dirisha, akasema rangi zile za zamani hazitengenezwi tena.

Mgogoro wa Nzuwani ulipopamba moto, watu wa kisiwa hicho waliokuwa Moroni walianza kutazamwa. Haikuwa kwa wote, na haikuwa kila mahali. Pale sokoni muuza nyanya aliyezoea kumtania Koko alimwambia, "Rudini kwenu mkatawalane," kisha akacheka ili yawe maneno ya utani. Koko alimjibu kwamba angeondoka hata leo, lakini nani atamnunulia nyanya zake zilizooza. Watu wakacheka. Ila kutoka siku hiyo hakununua nyanya kwake, na binti yake alimwomba aache kuvaa shiromani. Hakuacha.

Alikuja ofisini zaidi kuliko zamani. Alivaa visikizio vyangu vikubwa, akafumba macho, akasikiliza mji wake. Ndipo aliponionyesha wimbo wa nyama.

Ilikuwa harusi ya miaka mingi nyuma. Kijana mmoja, rafiki wa bwana harusi, alikuwa amekamatwa kwenye karamu ameficha vipande vya nyama ya mbuzi katika mfuko wa kanzu, na mafuta yamepenya mpaka gotini. Wanawake walipopata habari walimtungia ubeti papo hapo. Walimtaja jina, wakamtaja na mama yake. Waliuliza kama kanzu yake ina njaa. Aliyeongoza alikuwa na kicheko cha juu, kama chombo kinachopasuka, na katikati unasikia wenzake wakimshangilia: "Rudia, Echati! Rudia ya mfuko!" Naye anarudia.

Nilicheka mpaka nikalia. Koko hakucheka.

"Kijana huyo leo ndiye anayeamuru wenye bunduki pale mjini," alisema. "Na Echati yuko pale pale kwake, mlango wa tatu kutoka kizuizi chao cha barabarani."

Siku chache baadaye alipata habari kwamba dada yake anaumwa Mutsamudu, akapanda boti. Halafu boti zikasimamishwa, akanasa huko. Simu zilikatikakatika, na zilipopatikana binti yake alinionya nisiseme jambo lolote la maana, maana hujui nani anasikiliza.

Hivyo ndivyo nilivyobaki na swali langu na tarehe ya wageni inakaribia. Nilimfuata mkuu wangu, nikamweleza habari za sahani. Aliitazama mashine ya kunakili. Nadhani alikuwa anakumbuka sukari.

"Binti yangu," alisema, "unajua idadi ya kanda zilizooza visiwani humu wakati watu wanafikiria? Kuna wasichana waliozaliwa Ufaransa ambao hawajui hata mstari mmoja wa bibi zao. Vita vikiingia Mutsamudu kesho, kitabaki nini? Hizi. Na sheria haitukatazi. Aliyerekodi katuletea kwa mikono yake."

"Katuletea tuziponye, mkuu."

"Na mgonjwa akipona anakaa kitandani?"

Tatizo langu ni hili: kila anayesema nami huonekana ana haki. Nilipendekeza tuufiche wimbo wa nyama peke yake. Alikubali haraka. Nikarudi mezani, nikaanza kuwaza: sauti ya Echati imo katika wimbo upi mwingine? Imo katika sita. Na katika kanda nyingine wametajwa watu gani, ambao mimi siwajui na Koko hajanisimulia? Kichekesho kipi kingine kimekuwa hatari tangu kiimbwe? Mimi ni wa Moroni. Nilikuwa nasikia majina tu.

Juma la wageni, binti yake Koko alinipigia. "Amefika. Njoo, lakini usimchoshe."

Alikuwa amevuka usiku mmoja kwa mashua ya uvuvi hadi kisiwa cha Mwali, na kutoka Mwali akapata nyingine hadi Ngazija. Nilimkuta Ntsoudjini, amelazwa kwenye mkeka karibu na mlango ili apate hewa, ameungua jua usoni, midomo imepasuka. Bega lake la kulia lilikuwa limerudi nyuma, likalingana na la kushoto. Nilimbusu mkono. Aliuvuta wangu, akanikalisha.

"Umekonda," alisema. Sauti haikuwepo, ilikuwa pumzi tu. "Unawaza na kula pia?"

"Nawaza tu, Koko."

"Dada yangu tumemzika."

Nikampa pole. Binti yake alileta uji, akanywa kijiko, akasukuma bakuli. Nilimwuliza habari za mji. Alisema vijana wanajificha kwenye mashamba ya juu, wake zao wanasema wamekwenda kisiwa cha Maore, na askari wanajua kwamba si kweli na wanangoja. Alisema mwalimu mmoja alipigwa kwa sababu ya redio aliyokuwa akiisikiliza.

"Na Echati?"

"Yupo. Yule bwana hupita mlangoni kwake kila asubuhi, humwamkia kwa adabu. Amesahau, au anajifanya. Echati hujibu ametazama chini. Mji mzima unaujua ubeti ule, hakuna anayeupiga hata kwa mluzi."

Hapo nilimweleza yote: ukurasa, wageni, mkate, sukari. Niliongea kwa kirefu. Alisikiliza amefumba macho, na nilipofika kwenye sukari mdomo wake uliopasuka ukajaribu kucheka, ukamwuma.

"Alikuwa anaomba mara ya pili kweli, maskini," alisema. "Nikasema, huyu Mngazija ana moyo."

"Kwa hiyo jibu ni lipi, Koko? Niambie, nitalifuata."

"Kanda ni yangu. Sauti si zangu."

"Lakini zikiwa kwenye mtandao hazitapotea tena kamwe."

"Mimi nimerudi na mashua. Wale hawana mashua." Alipumzika. "Siku za harusi, Echati alikuwa akiimba, kisha ananitazama mimi kwenye mashine, anakonyeza. Unajua maana yake?"

"Sijui."

"Hata mimi sikumwuliza. Nilidhani tutaulizana tukizeeka."

Nilitaka amri. Nilitaka mtu mzima anitoe katika kichwa changu, aseme fanya au usifanye, ili likiharibika niseme nilitumwa. Alifungua macho akanitazama, na nadhani aliliona hilo waziwazi, kwa sababu aligeuza uso ukutani.

"Umesoma," alisema. "Mkono ni wako. Niache nilale."

Nilirudi Moroni kwa miguu sehemu kubwa ya njia. Niliwaza, bila shaka niliwaza. Kwamba naweza kufukuzwa. Kwamba msichana fulani Marseille ataolewa bila wimbo wa bibi yake. Kwamba pengine Echati mwenyewe angependa kusikika, kwamba ninamnyamazisha kwa jina la kumlinda, na hilo nalo ni dhuluma. Hakuna hata moja kati ya hayo lililokuwa uongo. Lakini lilibaki moja jepesi kuliko yote: nikikosea kwa kuzizuia, siku njia itakapofunguka naweza kupanda boti nikaingia nyumba moja moja nikaomba, na kosa likasahihishwa. Nikikosea kwa kuzifungua, hakuna boti ya kulifuata.

Asubuhi ya wageni nilifika ofisini kabla ya wote. Sikuficha wimbo wa nyama peke yake. Nilitoa nyimbo zote za harusi kwenye ukurasa, nikazihamishia kwenye diski mbili, moja nikaifungia kabatini na nyingine nikaiweka kando nimpe Koko. Zilibaki picha za milango, barua za wafanyabiashara na ramani za zamani, vitu ambavyo wenyewe walikuwa wametia sahihi. Ukurasa ulionekana mwembamba.

Mkuu wangu aliingia amevaa kanzu mpya na koti, wageni wakiwa bado chini wanasalimiana na mwenye duka la vyombo. Aliinama kwenye kioo cha kompyuta yangu, akatafuta, akatafuta tena.

"Nyimbo ziko wapi?"

"Nimezitoa mimi, mkuu. Zote."

Uso wake ukabadilika. Kwenye ngazi viatu vilikuwa vimeanza kupanda.

"Kwa idhini ya nani?"

Nilikuwa nimetayarisha jibu refu, lenye sheria tatu na mifano, jibu kama barua. Nilimtazama.

"Ya kuzifungua hatukuwahi kuwa nayo," nikasema.